Joho Lilikumbukwa, Mwangwi Ukasahauliwa: Hotuba Kuhusu Santuri ya "Bela Lugosi's Dead"

Ndugu zangu wapenzi wa muziki, mafundi mitambo mliofika, na ninyi vijana mnaoanza kurekodi, hamjambo. Nashukuru kwa mwaliko. Niliombwa nichague santuri moja tu, niieleze ilikotoka na ilikofika, na mimi sikusita: nimechagua "Bela Lugosi's Dead" ya bendi ya Bauhaus, iliyotolewa Uingereza mwaka 1979. Jina hilo maana yake ni "Bela Lugosi amekufa", na Lugosi alikuwa mwigizaji aliyejulikana kwa joho la Dracula, zimwi mnyonya damu. Wengi wanaiita santuri iliyofungua mlango wa roki ya gothiki. Ukiitaja, mtu anakumbuka nguo nyeusi, wanja, popo na majeneza. Hayo yote yapo, siyakatai. Lakini nimekuja kuwaombea haki ya kitu kingine kilichomo ndani yake, ambacho masikio yanakisikia kabla macho hayajaona joho lolote: mwangwi. Na mwangwi ule una kwao, na kwao si Uingereza.

Kwanza tuusikilize vizuri. Wimbo una dakika 9 na nusu na kidogo. Unaanza na kijiti kinachogonga ukingo wa ngoma ndogo, ta-ta, ta, na kila pigo linajirudia nyuma yake, linafifia, kabla halijaisha jingine limeshaingia. Visahani vinachakarika juu yake bila haraka. Halafu besi inaingia na sauti chache tu, zinashuka moja baada ya nyingine, polepole, zikifika chini zinarudi juu na kuanza tena. Gitaa halipigi wimbo. Linakwaruzwa, linagongwa, linapiga yowe kwa mbali, na kila mkwaruzo unapitishwa kwenye mashine ya mwangwi mpaka hujui tena ni gitaa au ni mlango wa chuma unaofunguliwa. Zinapita karibu dakika 3 nzima kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Dakika 3! Nyimbo nyingi za redio za wakati ule zilikuwa zimeshakwisha hapo. Kisha Peter Murphy anaingia na sauti nzito, ya chini, karibu haina hisia, kama mtu anayesoma tangazo la msiba, na anaanza kupanda taratibu mpaka mwishoni analia.

Ninyi mafundi mitambo nisikilizeni hapa. Hesabuni vyombo: drams, besi, gitaa, sauti. Hakuna kinanda, hakuna waitikiaji, hakuna kitu cha kujazia. Mahali ambapo bendi nyingine ingeongeza chombo, hawa waliacha wazi, na ule uwazi ndio unaotisha. Mtoto mdogo anaogopa giza kwa sababu hajui kilichomo, na wao walilijua hilo.

Walikuwa akina nani? Vijana wanne wa Northampton, mji wa viwanda vya viatu katikati ya Uingereza. Mpaka leo timu ya mpira ya pale inaitwa kwa jina la utani "The Cobblers", yaani washona viatu. Daniel Ash alipiga gitaa, David J alipiga besi, mdogo wake Kevin Haskins alikuwa kwenye drams. Hao watatu walishapiga pamoja kabla. Wa nne ni Peter Murphy, rafiki wa Ash tangu shuleni, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji na hakuwa amewahi kuimba katika bendi yoyote. Ash alimfuata kwa sababu aliona ana sura na umbo la mtu wa jukwaani. Mkubwa wao alikuwa hajatimiza miaka 22, na Kevin alikuwa na miaka 18. Jina walilichukua kwenye chuo cha sanaa na usanifu kilichoanzishwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, na mwanzoni walijiita kabisa Bauhaus 1919. Onyesho lao la kwanza lilikuwa mkesha wa mwaka mpya wa 1979, kwenye baa moja ya Wellingborough, mji jirani.

Tarehe 26 Januari 1979 wakaenda kurekodi hapohapo Wellingborough, kwenye studio ndogo iliyoitwa Beck, ya fundi mmoja mzee wa kazi, Derek Tompkins. Ilikuwa wiki chache tu tangu waanze kupiga pamoja. Uingereza yenyewe ilikuwa kwenye majira ya baridi mabaya. Siku nne kabla, tarehe 22, wafanyakazi wa umma wapatao milioni 1 na nusu walikuwa wamegoma kwa siku moja kudai mishahara. Magazeti yalijaa habari za takataka zisizozolewa na wafu wa Liverpool ambao wachimba kaburi walikataa kuwazika. Sisemi kwamba wimbo unazungumzia migomo. Hauna neno hata moja la siasa. Nawaonyesha tu hali ya hewa ambayo vijana wale waliivuta siku ile.

Wakarekodi nyimbo 5. Huu wa Lugosi waliupiga wote kwa pamoja, moja kwa moja, na toleo tunalolijua ni la jaribio la kwanza. Murphy alikuwa na mafua. Ile sauti nzito inayokwaruza kidogo, ambayo baadaye waimbaji mamia walijaribu kuiiga kwenye klabu za Ulaya na Marekani, ilikuwa na kifua kilichoziba ndani yake. Halafu hawakuukata. Hilo ndilo linalonifanya niwapende. Mtu mzima mwenye uzoefu angewaambia: vijana, toeni dakika 6, sauti iingie mapema, redio haitacheza kitu hiki. Walikuwa na ujasiri wa kuuacha ulivyo.

Sasa nije kwenye lile lililonileta. Ule mwangwi waliutoa wapi?

Wenyewe wamesema mara nyingi, wala hawakuficha: waliutoa kwenye dabu ya Jamaica. Wimbo huu ulikuwa jaribio lao la kupiga dabu. Sisi tuliokulia kwenye rege tunaweza kuusikia hata kabla hawajatuambia. Dabu ilizaliwa Kingston mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, mikononi mwa mafundi, si waimbaji. Mkubwa wao ni Osbourne Ruddock, aliyejulikana kama King Tubby, fundi umeme na redio aliyekuwa na vikuza sauti vyake na mitambo yake ya kupigia muziki mtaani. Alikuwa anachukua wimbo uliokwisha rekodiwa, anaondoa sauti ya mwimbaji, anabakiza drams na besi, kisha anarudisha kipande cha sauti au cha gitaa kwa sekunde moja, anakirusha kwenye mashine ya mwangwi na kukiacha kipotee. Hapo meza ya mitambo ikawa chombo cha muziki chenyewe. Kitendo cha kuondoa kikawa ndio utunzi. Lee Perry naye akafanya ya kwake, kwa njia yake ya ajabu, katika studio aliyoijenga nyuma ya nyumba.

Muziki huo ulifika Uingereza na watu wake. Wajamaika walianza kuhamia kwa wingi baada ya vita kuu ya pili, meli ya Windrush ikitia nanga mwaka 1948, na walikuja na santuri zao na mitambo yao ya mtaani. Miaka 30 baadaye, watoto wa wazungu waliokuwa wakianzisha bendi za panki, ile roki ya haraka na ghafi, waliisikiliza rege kila siku. Kwenye klabu ya Roxy, London, mwaka 1977, aliyekuwa akipiga santuri kati ya bendi moja na nyingine ni Don Letts, kijana wa London mwenye wazazi kutoka Jamaica. Santuri za panki zenyewe zilikuwa bado ni chache mno, kwa hiyo akawapigia rege na dabu, usiku baada ya usiku. Mwaka huohuo The Clash, bendi ya panki, wakarekodi upya "Police and Thieves", rege ya Junior Murvin. Bauhaus hawakuchuma jambo la ajabu kutoka hewani. Walipokea kitu kilichokuwa kinapita mkono kwa mkono.

Walichofanya wao ni kukipeleka mahali kisipowahi kufika. Katika dabu ya Kingston, mwangwi ni joto. Ni usiku wa mtaani, watu wamesimama karibu na maspika, besi inapiga kifuani. Vijana wa Northampton walichukua mbinu ileile, besi mbele, drams zenye mkia mrefu, gitaa linalotokea na kutoweka, wakaitia baridi. Uwazi uliokuwa wa kuchezea ukawa uwazi wa kaburini. Huo ni ubunifu wa kweli, nami nauheshimu. Ninachokataa ni pale historia ya roki ya gothiki inapoandikwa kana kwamba ilitoka moja kwa moja kwenye riwaya za Kiingereza za karne ya 19 na filamu za kimya za Ujerumani, Jamaica isitajwe hata kwa mstari mmoja. Nasema bila kusita: ondoa King Tubby na wenzake, santuri hii haipo.

Na si Jamaica peke yake. Ule mdundo wa kijiti mnaousikia mwanzoni, Kevin Haskins amewahi kueleza, ni bosanova, mmoja wa midundo michache aliyofundishwa alipoanza kujifunza drams. Bosanova ilitoka Rio de Janeiro mwishoni mwa miaka ya 1950, na mama yake ni samba, na samba ililelewa na Wabrazil weusi, wazao wa watumwa waliotolewa Afrika. Basi angalieni kilichomo ndani ya santuri inayoitwa ya kizungu kuliko zote: mguu mmoja uko Rio, mwingine uko Kingston.

Maneno aliyaandika David J. Alikuwa amezungumza na Ash kwenye simu kuhusu filamu za zamani za mazimwi wanyonya damu, zilizokuwa zikirudiwa kwenye televisheni, na jina la Lugosi likamganda kichwani. Aliyaandika kwenye vibandiko vya anwani alivyokuwa navyo kazini ghalani. Ni mashairi mafupi: popo wameondoka kwenye mnara wa kengele, mabibi harusi wanapita kwa mstari kando ya kaburi lake, maua yaliyokufa yametapakaa. Anatangazwa kuwa amekufa, kisha kiitikio kinarudia tena na tena kwamba hajafa.

Bela Lugosi mwenyewe alikuwa mtu wa kweli, na maisha yake yanauma. Alizaliwa mwaka 1882 katika mji wa Lugos, uliokuwa Hungaria wakati ule na leo uko Romania. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani Budapest, akashiriki kuanzisha chama cha waigizaji wakati wa mapinduzi ya 1919, mapinduzi yaliposhindwa akalazimika kukimbia. Akafika Marekani, akaigiza Dracula kwenye jukwaa la New York mwaka 1927, na mwaka 1931 kwenye filamu ya Universal iliyomfanya ajulikane dunia nzima. Lafudhi yake nzito ya Kihungaria ilimpa kazi hiyo, na lafudhi hiyohiyo ikamfungia nyingine zote. Kila mkurugenzi alimwona Dracula tu. Alikuwa mgonjwa, akazoea mofini kutokana na maumivu, na mwaka 1955 akajipeleka mwenyewe hospitalini kutibiwa. Alifariki Los Angeles mwezi Agosti 1956, akazikwa amevaa joho la Dracula kwa uamuzi wa mwanawe na mama wa mtoto huyo.

Na hapa kuna jambo ambalo sijaona watu wakiliunganisha. Mwaka uleule wa 1979, santuri hii ilipotoka, mahakama kuu ya jimbo la California iliamua kesi kati ya warithi wa Lugosi na kampuni ya Universal. Mjane wake na mwanawe walidai kwamba sura yake katika vazi la Dracula, iliyokuwa ikiuzwa kwenye bidhaa, ni mali ya familia. Mahakama ikasema hapana, haki hiyo haikurithiwa, ilikwenda na marehemu. Mtu amekufa, lakini sura yake inaendelea kutembea na kuwaingizia wengine fedha. Wale vijana hawakuwa na habari ya kesi hiyo walipokuwa Wellingborough, lakini wimbo wao unasema jambo hilohilo, na ndiyo maana nauona ni wimbo wa huruma zaidi ya wimbo wa kutisha. Murphy analia mwishoni kwa ajili ya mwigizaji asiyeruhusiwa kupumzika.

Kuitoa santuri haikuwa rahisi. Kampuni kadhaa zilikataa, urefu ukiwa sababu ya kwanza. Aliyekubali ni Small Wonder, lebo ndogo iliyozaliwa ndani ya duka la santuri huko Walthamstow, mashariki ya London, lebo ileile iliyokuwa imetoa singo ya kwanza ya bendi ya The Cure. Mnajua kwetu wimbo mrefu wa dansi ulivyotolewa kwenye santuri ndogo: sehemu ya kwanza upande huu, geuza, sehemu ya pili upande ule. Small Wonder hawakuukata namna hiyo. Waliutoa kwenye sahani ya inchi 12, ili upande mmoja uubebe wote. Na kama mnavyojua, ukubwa ule wa sahani kwa wimbo mmoja ulikuwa umeenezwa na disko na rege, kwa sababu mifereji mipana inabeba besi vizuri. Hata umbo la santuri lenyewe lilikuwa na deni. Ikatoka Agosti 1979, na nakala za mwanzo zilikuwa nyeupe, si nyeusi.

Mtangazaji John Peel akaicheza kwenye BBC Radio 1, usiku, yote. Haikuingia kwenye orodha kuu ya mauzo ya Uingereza, lakini kwenye orodha ya lebo huru ilikaa muda mrefu sana, ikiuzwa polepole, mtu akimwambia mwenzake.

Joho lilikuja kulifunika sikio baadaye, na nadhani ninajua lini. Mwaka 1982 klabu ya Batcave ilifunguliwa Soho, London, na vijana waliovaa nyeusi wakapata mahali pa kukutana. Mwaka 1983 ikatoka filamu ya The Hunger ya Tony Scott, yenye David Bowie na Catherine Deneuve, na inafunguka na Bauhaus wakipiga wimbo huu klabuni, Murphy akiwa nyuma ya wavu wa chuma. Kamera inamganda Murphy: mashavu, macho, mikono inayokunjuka kama mabawa. Wenzake watatu karibu hawaonekani. Aliyeshika besi hayupo, aliyeshika mwangwi hayupo. Ni picha nzuri mno, ndiyo iliyoipeleka bendi duniani, na ndiyo iliyowafundisha watazamaji kwamba wimbo huu ni uso wa mtu. Mwezi Julai mwaka huohuo bendi ikavunjika.

Niwe mwadilifu pia. Siouxsie and the Banshees walikuwa wamekwisha kutoa albamu yao ya kwanza mwaka 1978, na albamu ya kwanza ya Joy Division ilitangulia santuri hii kwa wiki chache. Hakuna aliyeamka asubuhi akavumbua roki ya gothiki peke yake. Bauhaus wenyewe hawakulipenda jina hilo, wakiona linawabana, kwani walipiga pia fanki, glamu, yaani roki ya mapambo na mbwembwe, na vitu visivyo na jina. Lakini kati ya rekodi zote za miaka ile, hii ndiyo iliyokusanya kila kitu mahali pamoja: mada, sauti, urefu, ukimya. Leo Whitby, Uingereza, na Leipzig, Ujerumani, hujaa watu wa nyeusi kila mwaka. Leipzig wamekuwa wakikutana tangu 1992. Wimbo umerudiwa na wengi, wakiwemo Nouvelle Vague wa Ufaransa, walioupa sauti laini ya bosanova, na mimi nilipousikia nilisema hawa wamesikiliza drams, hawakuangalia joho. Massive Attack wa Bristol, mji wenye historia ndefu ya Wajamaika na mitambo yao, waliupiga jukwaani katika ziara yao ya 2019. Hapo nadhani wimbo ulikuwa unarudi kwa ndugu zake.

Mwaka 2018 zile rekodi 5 za siku moja ya Wellingborough zilitolewa kwa mara ya kwanza zikiwa pamoja, kwa jina la The Bela Session. Nawashauri mzitafute, hasa ninyi vijana wa studio. Utasikia bendi isiyojua bado itakuwa nini. Mna panki ya haraka, mna wimbo wenye ladha ya glamu, na mna mmoja uitwao "Harry", ambao unanukia rege na ska waziwazi, bila kujificha. Uwekeni huo kwanza. Kisha wekeni chochote cha King Tubby cha katikati ya miaka ya 1970, mkikisikiliza kwa maspika yenye besi ya kutosha, si kwa simu. Halafu ndipo muuweke ule wa Lugosi, na mfuatilie ngoma ndogo peke yake, pigo mojamoja, mkia wake unavyorefuka na kukatika, kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Nimemaliza upande wangu. Mafundi, najua mna maswali kuhusu ile mashine ya mwangwi, basi tuanze na ninyi.